Msondo, Jumamosi na Jumapili

Ndugu msomaji, kabla hujaniuliza uhakiki nimesomea wapi, nikujibu kabisa: sijausomea. Niliishia kidato cha nne, na hicho chenyewe nilikimaliza kwa kuchechemea. Ila kusikiliza muziki wa dansi nimesikiliza, tena tangu niko mgongoni, maana nyumbani kwetu redio ilikuwa ya mjomba na mjomba alikuwa mtu wa Msondo. Basi uhakiki huu ni wa mtu aliyekaa karibu na spika. Ukiona mahali nimepayuka, ujue masikio yalikuwa bado yanavuma.

Ilikuwa mwaka 2019, mwezi wa Septemba. Nilipata kibarua cha kushusha saruji, nikabaki na pesa ya kwenda dansi siku mbili mfululizo, Jumamosi upande wa Temeke na Jumapili upande wa Kinondoni. Bendi ni ileile, Msondo Ngoma. Jumamosi kiingilio shilingi 5,000, Jumapili kiingilio kinywaji chako. Wenzangu walinicheka. Eti hiyo miziki ya wazee, nenda kamsikilize mtu wa Bongo Fleva anayejua kuruka jukwaani. Nikawaacha wacheke.

Kwa asiyeijua bendi hii nitasema machache. Ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina na bendi ikabadilika, ikawa JUWATA Jazz, baadaye OTTU Jazz, mpaka ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo. Na msondo, kama wazee wa Pwani wanavyojua, ni ile ngoma ndefu ya unyagoni. Muhidini Gurumo aliimba hapo, akahamia Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978, na miaka mingi baadaye akarudi. Alifariki mwaka 2014. TX Moshi William alishatangulia mwaka 2006, na Shaaban Dede akafuata mwaka 2017. Kwa hiyo mwaka ule wa 2019 mtu ukienda kuwasikiliza Msondo, nusu ya sauti unazozijua zilikuwa kaburini, na nyimbo zao zinaimbwa na watu wengine. Hilo nilikuwa nalo kichwani tangu mlangoni.

Sasa Jumamosi nilikwenda na daftari. Msicheke. Nilikuwa naandika riwaya (bado naiandika), nikadhani kwa kuwa nyimbo za dansi zinasimulia visa, basi mtunzi akikaa kwa utulivu ataondoka na ujuzi wa bure. Nikachagua meza ya pembeni, nikaagiza soda moja nikainywa saa tatu nzima, mhudumu akinitazama kwa jicho la kuniuliza kama nimekuja kulala.

Nilichokiandika usiku ule ni hiki. Nyimbo nyingi za namna hii zimejengwa nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni cha maneno. Mtu analalamika: ameachwa, amedhulumiwa, amesingiziwa, mpenzi amesafiri hana habari. Halalamiki hewani, anamwita mtu kwa jina, au anawaita wazazi, au wazee wamshauri. Waimbaji wawili watatu wanampokea kama majirani waliosikia kilio. Tarumbeta na saksafoni zinaingia katikati ya beti, si kwa kupamba tu, zinafanya kazi ya kumpa mlalamikaji nafasi ya kupumua. Halafu gitaa la solo linageuza njia, tumba zinapanda, na tumeingia chumba cha pili. Huko maneno ni machache au hakuna. Huko ni kucheza.

Na yule mlalamikaji? Hajajibiwa! Ameuliza afanye nini, wazee hawajasema kitu, mpenzi hajarudi, na watu tayari wanakata viuno juu ya swali lake. Nikaandika kwa hasira, ninayo daftari mpaka leo: "Hadithi haijaisha. Wanatunga nusu halafu wanakimbilia gitaa." Nikapiga mstari chini. Nilijiona mhakiki kweli kweli.

Nieleze hasira ile ilitoka wapi. Sisi tuliosoma riwaya za Kezilahabi tumezoea hesabu kufungwa. Rosa Mistika anajiua. Kazimoto wa Kichwamaji anajiua. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo anaishia kunyongwa. Kezilahabi ni baba yetu, simgusi, na vifo vile alivilipia kwa kurasa zote zilizotangulia. Ila sisi vijana tulichukua vifo tukaacha kurasa. Soma hadithi zetu katika matoleo yaliyopita, na yangu ikiwemo: ukurasa wa mwisho lazima mtu afe, afungwe au apate ukimwi, kana kwamba hadithi isiyo na maiti haijakamilika.

Katika riwaya yangu kuna kijana anakwenda Mererani kutafuta tanzanite. Mpaka Septemba ile nilikuwa nimeshamuua mara tatu. Mara ya kwanza shimo lilimfukia. Mara ya pili wenzake walimgeuka. Mara ya tatu nilimleta nyumbani mgonjwa akafia mlangoni, mama yake ameshika ungo. Niliona hiyo ya ungo ni kali sana.

Jumapili mjomba aliomba twende wote. Daftari nililiacha, si kwa hekima, ni aibu tu, maana mjomba asingenielewa. Alivaa shati la mikono mirefu na viatu vya kuingiza. Tulikaa mbele. Kwa kiingilio kile cha kinywaji ukumbi ulijaa familia, watoto wanakimbizana kati ya meza, nyama inachomwa, na kama ilivyo kwa bendi zetu zote, muda mwingi ukaliwa na salamu za kwenye maikrofoni: fulani yupo, mwenyekiti fulani yupo, tajiri fulani ametia timu. Hilo nalilalamikia. Wimbo unakatwa pumzi ili mtu atajwe.

Halafu wakaupiga ule wimbo wa jana, ule nilioupigia mstari. Usiku wa Jumamosi niliusikia kama ulivyo redioni, na ule wa redioni ni mfupi, chumba cha pili kimekatwa kuwa kibaraza. Jumapili nilitazama saa ya mjomba: chumba cha pili peke yake kilichukua dakika 14. Lakini kilichonishika kilitokea kabla, kwenye maneno. Mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri, aliinuka na noti ya shilingi 2,000, akaenda taratibu mpaka kwa mwimbaji, akamtuza. Jumamosi niliona watu wakituza nikasema ni majivuno. Huyu hakurudi. Alisimama pale pale mbele ya mwimbaji, mikono imeanguka, ubeti ukapita, wa pili ukapita. Gitaa lilipogeuka yeye akarudi kwenye kiti chake. Hakucheza. Waliobaki tukacheza, na mjomba mwenye goti bovu akacheza, karibu kabisa na meza yake.

Hapo ndipo nilipoona kosa la daftari langu. Wale waliotunga hawakushindwa kumaliza. Kama wangemjibu mlalamikaji, yule mama angesimama pale kusubiri nini? Jibu lingekuwa la mtu wa kwenye wimbo, si lake. Na chumba cha pili nilichokiita kukimbia, ni pale watu wanapokaa na jambo lisilokuwa na jibu bila kuondoka ukumbini. Mwaka ule waliotunga walikuwa hawapo, ila swali lilisimama lenyewe kwenye koo la mtu mwingine. Ingekuwa kisa kimefungwa, wangekuwa wanapiga kumbukumbu tu. Hata hivyo sitaki kutia chumvi: Jumapili ile nyimbo mbili tatu zilikuwa ndefu pasipo sababu, na urefu si kina.

Tukitoka, mjomba aliniuliza ile hadithi yangu ya Mererani imefikia wapi. Sikujua kama anajua. Kumbe mama alimsimulia. Kaka yangu aliondoka nyumbani mwaka 2010 kwenda machimboni, barua moja, simu tatu, basi. Mama hajawahi kusema amekufa na hajawahi kusema yu hai. Sahani yake haioshwi pamoja na zingine.

Nikamwambia mjomba imefikia mwishoni.

"Mwishoni anafanyaje?"

Nikasema bado sijajua. Ulikuwa uongo, sura ile ya ungo ilikuwa tayari, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, safi. Bajaji ikaja, tukapatana bei, mjomba akapanda kwanza kwa sababu ya goti.