Mshubiri, Mwamba na Mwanga wa Jioni

Apigaye picha kwenye genge la Irente, karibu na Lushoto, aghalabu huelekeza kamera bondeni: nyika, barabara kuu, na mistari ya mkonge huko Mazinde. Picha hizo ni nzuri, ila husimulia habari za mashamba. Mkonge wenyewe ni mgeni kutoka Meksiko, ulioletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893. Mishubiri iliyojishikiza miambani, wenyeji hasa wa milima hii, husahauliwa.

Hata akumbukaye huikosea saa. Jua la utosi huunguza jani na jiwe vikawa weupe mtupu. Jioni mwanga hupita ubavuni mwa genge. Kila mwiba hupata kivuli chake, na unene wa jani, ambao ndio ghala la maji la mmea huo, hudhihirika.

Tena mwamba usiachwe nje ya picha. Ua la urujuani la Usambara, ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani mwaka 1892, limepigwa picha mno katika vyungu vya madirishani, ilhali kwao ni miamba yenye kivuli.