Oodi: Maktaba Iliyostahili Gharama Yake

Yuro milioni 98 ni fedha nyingi kwa maktaba moja, tena katika mji ambao tayari una maktaba mitaani. Helsinki ilikubali gharama hiyo, serikali ya Ufini ikachangia milioni 30, na Desemba 2018 Oodi ikafunguliwa mkabala na Bunge.

Fedha hizo hazikuishia kwenye rafu. Ghorofa ya kati ina vyerehani, printa za kutengenezea vitu vya plastiki na studio za kurekodia muziki. Vitabu vipatavyo 100,000 viko juu kabisa, penye mwanga. Mwaka wa kwanza tu, Oodi ilitembelewa zaidi ya mara milioni 3.

Wanaopinga majengo ya aina hii wana hoja nzito, na ushahidi wao uko Birmingham, Uingereza. Maktaba yake ya karibu pauni milioni 189 ilifunguliwa 2013. Mwaka 2015 saa za huduma zilipunguzwa kutoka 73 hadi 40 kwa wiki, bajeti ya kuiendesha ilipobanwa.

Jengo pekee halitoshi bila fedha za kuliendesha. Kwa hiyo pongezi za Oodi ziwaendee kwanza wakutubi wake, na mji unaowalipa mishahara ili milango iwe wazi hadi usiku, hata Jumapili.