Uhalisi katika Hadithi na katika Wimbo

Wapo wasemao kwamba uhalisi ni kunakili maisha yalivyo. Na tuupime usemi huo kwa kisa kimoja kilichopita mikononi mwa watungaji wawili.

Mwaka 1880 Giovanni Verga, Mwitaliano wa Sicily, alitoa hadithi fupi iitwayo *Cavalleria rusticana*. Turiddu arudi kutoka jeshini, akuta mpenzi wake ameposwa na Alfio, mwenye gari la nyumbu. Wivu wazaa fitina, na fitina yazaa kifo. Verga hahukumu wala haombolezi. Hujificha nyuma ya lugha ya wanakijiji, na pigano alisimulia bila pambo: Alfio achota vumbi, amtupia mwenzake machoni, kisha amchoma kisu.

Mwaka 1890 opera ya Pietro Mascagni iliyotokana na kisa hicho ilichezwa Roma. Wakulima wakapewa huzuni kuu ambayo zamani opera iliwawekea hasa wafalme na mashujaa. Hiyo ndiyo neema ya uhalisi kwa muziki. Lakini muziki hauwezi kujificha. Kabla ya mauaji jukwaa huwa tupu, nayo okestra hutuelekeza kuhurumia. Vumbi halimo tena, na pigano halionekani. Habari ya kifo inapofika, mwanamke haiimbi, bali huipigia ukelele.

Hapo wimbo umekiri mpaka wake. Basi mhakiki asiulize tu kama kazi imeyanakili maisha. Aulize pia imeacha nini ili iyakaribie.