Siku Kumi za Kati

Kuna aina moja ya maandishi ambayo vijana wengi ninaowajua huisoma kwa makini kuliko tamthilia yoyote waliyotahiniwa shuleni, na sijaona mhakiki akiigusa. Ni mwongozo wa kupanda. Yale maelezo ya hatua kwa hatua: fanya hivi, ngoja siku tatu, sasa fanya hivi. Watu huyasoma kwenye simu, huyatumiana, huyabishania chini ya mti. Tamthilia ukiielewa vibaya unapoteza alama. Mwongozo ukiuelewa vibaya unapoteza msimu, na huku Mtito Andei msimu haurudi kukuuliza kama uko tayari.

Nataka kuuhakiki mwongozo kama tunavyohakiki hadithi. Nani anasema? Anamwambia nani? Na anaposema, amesimama chini ya jua gani? Nikishamaliza nitarudi kwenye riwaya, kwa sababu nadhani mwongozo una kitu cha kuifundisha.

Nimechagua mfano unaozungumzwa kwa sauti ya chini: mwongozo wa kutoa vipandikizi vya bangi ndani ya nyumba na kuvihamishia nje. Kenya, kuikuza bangi ni kosa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 20, kwa hivyo tuelewane mapema: hapa tunasoma, hatupandi. Lakini tangu Kanada ihalalishe mmea huo Oktoba 2018, watu wa huko wameandika juu yake kwa ufundi ambao watu wetu wa mahindi na nyanya wangeuonea wivu. Mhakiki hachagui maandishi kwa sababu ya tabia njema.

Kisa chenyewe ni rahisi. Unakata tawi la mmea mama, unalitia mizizi, linakuwa mche mpya wenye urithi uleule wa mama. Ni kloni. Mche huo unalelewa ndani, chini ya taa zinazowaka saa 18 kwa siku, kwenye hewa yenye unyevu, bila upepo. Unapendeza, kijani kibichi. Kisha unautoa nje mchana kweupe, na kufikia jioni majani yamekuwa meupe kama karatasi.

Sababu yake ni nzuri kuliko hadithi nyingi. Jani lililokulia kivulini ni jembamba, nta yake ya juu ni kidogo, na vitundu vyake vya kupumulia havijawahi kukutana na hewa kavu. Shina halijawahi kusukumwa na upepo, kwa hivyo halina haja ya kuwa nene. Na jani hilo, hata ukilibembeleza vipi, halitageuka kikamilifu kuwa jani la jua. Mmea wenyewe ndio utakaotoa majani mengine, yaliyoundwa kwa mwanga mpya. Yale ya zamani kazi yao ni kuubeba hadi hapo.

Ndiyo maana mwongozo mzuri hautoi amri moja, unatoa kalenda. Siku ya kwanza, saa moja au mbili kwenye kivuli cha nje, kisha urudishe ndani. Siku ya pili, ongeza kidogo. Siku ya nne au ya tano, jua la asubuhi peke yake. Siku saba, kumi, wakati mwingine 14, ndipo mche unalala nje. Wenye vitalu wa kwetu huita kazi hii kukomaza miche, au kuizoesha jua.

Kama nathari, mimi naipenda. Ina subira. Inajua kwamba kati ya ndani na nje kuna mahali pa tatu, na inakaa hapo bila haraka. Waandishi wetu wengi wa hadithi fupi wangeruka siku hizo kumi kwa sentensi moja: “Baada ya muda, alizoea.” Alizoeaje? Mwongozo hauruhusiwi kuruka, kwa sababu msomaji ana mche mkononi.

Sasa kasoro yake. Mwongozo huo haujui kama umesimama mahali. Unadhani jua ni moja. Unasema ngoja baridi kali ya mwisho ipite, toa nje mwezi wa tano au wa sita, vuna kabla ya baridi kurudi. Baridi gani? Mtito Andei iko chini kidogo ya ikweta. Mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima, unapishana kwa dakika chache tu. Mmea uliozoea taa za saa 18 ukitolewa kwenye mchana wa saa 12 hupata ujumbe kwamba mwaka unaisha, na huanza kutoa maua ungali mdogo kama mkono. Kule Kanada mwezi wa sita mchana ni mrefu, kwa hivyo mwandishi hakuhitaji hata kulitaja jambo hili. Kwetu ndilo jambo lenyewe.

Na msimu? Msimu wetu hauletwi na urefu wa mchana, unaletwa na mvua. Ukambani mvua ya kutegemea ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi hadi Mei mara nyingi hutuchezea. Mwongozo unaonya juu ya konokono. Haumjui mbuzi. Haumjui ndovu anayetoka Tsavo usiku na kupita katikati ya shamba kana kwamba ni barabara aliyojengewa na serikali. Kuyatafsiri maandishi kama haya neno kwa neno, jinsi wengi wanavyofanya, ni kukitoa kipandikizi nje saa sita mchana.

Mtu ataniuliza: mbona basi hatuna mwongozo wetu wa mmea huu? Jibu ni kwamba sisi tunauzungumzia kwa lugha mbili tu, lugha ya dhambi na lugha ya pesa. Katika lugha ya dhambi, bangi hufika ikiwa imeshakauka na kusokotwa, ishara kwamba mhusika ameharibika. Hakuna anayeiona ikiota. Katika lugha ya pesa, mtu kama George Wajackoyah anagombea urais mwaka 2022 akiahidi kwamba zao hilo litalipa deni la taifa, na katika ahadi hiyo nzima humwoni mtu aliyeshika mkebe wa maji. Mwenye dhambi hana bustani, mwenye pesa hana muda. Mkulima ambaye angeandika amefungwa mdomo na sheria.

Lakini mmea mwingine tunao, na hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Panda gari pale stejini uelekee Nairobi, ushuke Kibwezi. Huko, na Tiva kule Kitui, kuna mashamba ya mbegu ya mukau yaliyoanzishwa na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, pamoja na Wajapani wa JICA, katika mradi wa 2012 hadi 2017 wa kutafuta miti inayovumilia ukame. Walizunguka nchi kavu wakachagua mikau iliyosimama vizuri, wakachukua vikonyo vyake, wakavipandikiza juu ya miche mingine, na kuitoa shambani. Yaani ni kloni. Zimeondoka kitaluni zikaenda kusimama kwenye jua la Makueni na Kitui, na mbegu zake ndizo zinazokusudiwa kwa mashamba ya watu.

Mukau tunaujua sote: mbao ambayo mchwa anaipita, kivuli cha mbuzi, karo ya mtoto miaka kumi na kitu ijayo. Anayeukuza atakwambia mambo ambayo hakuna mwongozo wa nje ungeyajua. Mbegu imefungiwa ndani ya kokwa gumu. Unalipasua kwa kisu bila kuumiza kilichomo, unaikata mbegu kidogo kwenye ncha, unailoweka usiku, unaichana ganda kwa wembe, ndipo unailaza kwenye mchanga. Ikishaota, adui wa kwanza ni mkono wako mwenyewe wenye mkebe: maji yakizidi, mche unaoza. Katika nchi ambayo kila mtu analia maji, huu ni mti ambao mtoto wake unaweza kumuua kwa maji. Hayo ni maelezo yanayojua yamesimama wapi.

Nimesikia maelezo ya namna hii yakitolewa kwa mdomo, kwa Kikamba kilichochanganywa na Kiswahili, na yana kitu kimoja ambacho karatasi hukosa: yanajibu. “Shosho, niitoe leo?” “Leo kuna upepo, ngoja kesho.” Mwongozo ulioandikwa hauwezi kutazama nje ya dirisha. Unachoweza ni kumfundisha msomaji atazame.

Kiswahili chenyewe kinaonyesha kwamba kimeliwaza jambo hili. Kutoka kwenye kupanda tumepata kupandikiza. Tena tunaye pandikizi la mtu, jitu la miraba minne, na kwenye siasa tunaye pandikizi, yule aliyeingizwa kundini na maadui. Neno limebeba hofu na matumaini pamoja: aliyehamishwa huenda akawa mkubwa kuliko wenyeji, huenda akawa si wetu. Kitu pekee ambacho neno halisemi ni yale yaliyompata njiani.

Hapo ndipo ninapoirudia riwaya. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Rosa ni binti wa Ukerewe, baba yake Zakaria ni mlevi na mkali kupindukia, na barua ya mvulana inatosha kuleta kipigo. Kisha anakwenda masomoni, mbali na fimbo, na uhuru unamwangukia wote kwa mkupuo. Mwisho wake tunaujua, ni kifo kwa mkono wake mwenyewe. Miaka yote swali la darasani limekuwa lilelile: nani wa kulaumiwa? Baba? Binti? Jamii?

Msomaji wa miongozo anauliza swali jingine: siku kumi ziko wapi? Kati ya fimbo ya Zakaria na mwanga wa chuo hakuna kivuli cha nje, hakuna asubuhi ya saa mbili, hakuna jioni ya kurudishwa ndani. Zakaria alidhani anamlinda mtoto. Alikuwa anaotesha majani membamba. Kwa usomaji huu riwaya haihukumu ukali wala uhuru kila mmoja peke yake. Inahukumu pengo lililo katikati yao, na ndiyo maana bado inauma zaidi ya miaka 50 baadaye.

Mfano huu una mpaka wake, na nisiuvuke. Kloni haichagui. Rosa anachagua, mara nyingine akijua kabisa anachokifanya, na nguvu ya Kezilahabi ni kwamba hamfanyi kuwa mche wa kuhurumiwa. Mwongozo hauwezi kuandika riwaya. Unaweza tu kutuonyesha muda ambao riwaya imeuacha mtupu, na kutufanya tuulizie.

Kuulizia huko si mchezo, kwa sababu neno kukomaa limetekwa. Mtoto anapelekwa bweni akiwa mdogo na kuonewa kwa sababu yeye ni mono: akomae. Kijana anatumwa Nairobi na nauli ya kwenda peke yake: akomae. Mimi niliacha chuo kikuu kabla ya kumaliza, na ushauri niliopewa na watu wengi zaidi ulikuwa sentensi moja: “Utakomaa tu.” Walikuwa na nia njema. Lakini nenda kamuulize mwenye kitalu yeyote kama kukomaza mche ni kuutupa juani. Atakucheka. Kukomaza ni kuutoa na kuurudisha, kuutoa na kuurudisha, kila siku kwa kipimo, huku mtu akiangalia majani. Bila ule mkono wa jioni, hiyo si kukomaza, ni kukausha. Mwongozo wa bangi ulioandikwa na mtu wa Kanada asiyemjua mbuzi unalijua hili. Wazee wetu wenye methali nyingi wamelisahau.

Na si kwamba mahali hapa hapaelewi. Mabasi ya Mombasa husimama Mtito Andei kwa sababu ni karibu nusu ya njia. Watu waliotoka Nairobi wakiwa na baridi hushuka, huvua majaketi, hunywa chai, husimama kidogo nje wakikunja macho, kisha hupanda tena kuelekea joto. Dakika 20 tu, lakini mwili unaelewa. Mji mzima unaishi kwa kuuza mahali pa katikati.

Kwa hivyo ninachodai ni kidogo. Nataka mwongozo wa Kiswahili ulioandikwa kwa jua hili: wa mukau, wa mwembe wa kupandikizwa, wa mpapai, mmea wowote ambao sheria haina shida nao. Uhesabu mvua za Oktoba badala ya baridi ya mwezi wa tano. Umtaje mbuzi kwenye ukurasa wa kwanza. Useme ni lini kumwagilia ni kuua. Uzitaje zile siku kumi moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja, na kwenye kila siku uandike tena, hata kama msomaji amechoka: jioni, rudisha ndani. Aandike mwenye kitalu, sio mwenye digrii. Akimaliza anitumie, nitamhakiki bila huruma.