Mshono wa Mshumaa

Kwenye stendi ya Masasi, basi la Newala likisubiri abiria, korosho hupitishwa madirishani zikiwa kwenye vipakti vyembamba vya nailoni. Wanunuzi huzisifia korosho, na wana haki: kuzichoma, kuzibangua bila mafuta ya ganda kuunguza vidole, kisha kuzimenya, si kazi ndogo. Mimi nausifu mshono wa kipakti.

Hauna uzi wala gundi. Mama muuzaji hukunja mdomo wa nailoni juu ya kipande cha msumeno wa kukatia chuma, akaacha ukingo mdogo umetokeza, akaupitisha kwenye ulimi wa mshumaa. Utazame ukingo huo kwa karibu. Nailoni iliyokuwa na ukungu huwa angavu ghafla, hujikunyata kurudi nyuma, kisha huacha mstari mnene kidogo. Papo hapo mkono umeshaondoka.

Inajikunyata kwa sababu ya namna ilivyozaliwa. Kiwandani, plastiki iliyoyeyushwa hujazwa hewa ikawa puto refu, ikavutwa huku inapoa. Minyororo ya molekuli zake huganda ikiwa imenyoshwa, mithili ya nywele za kipilipili zilizopitishwa kitana cha moto: zimelala, lakini zikipata maji tu zinarudi zilivyokuwa. Kwa nailoni, maji hayo ni joto. Ikifika nyuzi 110 hivi, polithini laini, ndiyo hii tunayoiita nailoni, huyeyuka. Minyororo hujikunja upya, na ya ukuta mmoja hupenya ndani ya ukuta wa pili. Ikipoa, kuta zimekuwa kitu kimoja.

Lakini ulimi wa mshumaa hupita nyuzi 1,000. Mkono ukichelewa, nailoni huukimbia moto na kuacha tundu. Ukiwahi kuondoka, kuta hushikana juujuu na kuachana njiani. Chuma cha msumeno husaidia kunyonya joto lisishuke kwenye korosho. Mashine ya umeme ya kufungia vipakti hupangiwa joto na muda. Mama husoma ule uangavu, hata Newala, ambako upepo wa ukingo wa uwanda wa juu hauuachi mshumaa utulie.

Korosho nyingi za huku huuzwa ghafi minadani kupitia vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU, zikaenda kubanguliwa India na Vietnam. Za kwenye kipakti zimemalizwa hapa hapa, hadi mshono wa mwisho. Nailoni huzuia unyevu vizuri kuliko inavyozuia hewa: korosho hubaki kavu, ila mafuta yake huchacha taratibu. Kwa hiyo muulize muuzaji amezifunga lini, kisha minya kipakti usikie kama kinapumua.