Kasukwa na Nani? Nywele za Mhusika na Msuko wa Hadithi

Katika toleo lililopita la jarida letu, mwenzetu mmoja alidai kwamba filamu za katuni zinazotengenezwa kwa kompyuta hazina cha kuhakikiwa, kwa kuwa fani yake ni ya mashine na maudhui yake ni ya watoto. Akatolea mfano nywele. Eti kuchunguza nywele za mhusika ni kazi ya msusi, mhakiki ana mambo yake mengine. Sikubaliani naye, na nitamjibu kwa nywele hizo hizo.

Kwanza tukumbushane. Tunapohakiki riwaya huwa tunazungumzia msuko wa matukio, na neno hilo halikushuka kutoka mbinguni. Msusi hugawa kichwa kwanza ndipo asuke: anapitisha chanuo, anachora njia, anabana fungu hili lisiingilie lile. Mtengenezaji wa mhusika wa kompyuta naye hufanya vivyo hivyo. Atakayehangaikia uzuri wa ncha kabla hajaligawa fuvu atajuta.

Nasema hivi kwa sababu mimi nimejuta. Pamoja na rafiki yangu anayesoma kompyuta, tulitengeneza filamu ya dakika sita kutokana na ngano ya binti aliyefukuzwa na mama wa kambo, akaishi porini peke yake miaka saba. Tukamsuka twende kilioni: mistari minane kutoka kipajini hadi kisogoni, na nyuma mikia minane inayoning'inia. Kila mstari ulikuwa kipande chake na kila mkia kipande chake. Mistari tuliifunga moja kwa moja kwenye mfupa wa kichwa, maana mstari hauchezi. Kila mkia tukaupa mifupa midogo minne inayofuatana, ili utikisike binti anapokimbia. Mabegani na shingoni tukaweka maumbo yasiyoonekana ya kuzuia mikia isizame mwilini. Kazi yenyewe, bwana, ilikuwa kwenye maungio. Pale mstari unapokwisha na mkia unapoanza, vipande viwili visipokubaliana, binti akiinama kidogo tu panafunguka ufa kisogoni, unaona ndani ya kichwa kitupu. Ufa ule ulitula wiki tatu.

Tulisumbuliwa na jambo jingine pia. Vifaa tulivyotumia vinaamini kwamba unywele ni uzi wenye shina moja na ncha moja, unaoanguka kuelekea chini. Mstari wa kusukwa hauna shina moja. Unaokota nywele njiani, hatua kwa hatua, na hauanguki popote. Hesabu za nywele za kompyuta kwa miaka mingi zilijengwa juu ya nywele za singa. Ndiyo maana hata mwaka 2024 Theodore Kim wa Chuo Kikuu cha Yale, A.M. Darke wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na wenzao bado walikuwa na jambo jipya la kusema waliposhughulikia nywele za kipilipili. Hilo ni suala la siasa na ujumi, linastahili makala yake.

Basi, kazi ilipofika mahali pazuri nikamwonyesha mama. Mama yangu hajasoma fasihi, lakini amesuka watu kibarazani tangu sijazaliwa. Akatazama, akaisifu mistari, halafu akauliza: "Mwanangu, na huyu huko porini kasukwa na nani?"

Nilicheka. Kisha nikakosa jibu. Hakuna mtu anayejisuka kisogo chake mwenyewe kwa unyoofu ule. Kuna magoti mtu huyu ameyakalia katikati, kuna mikono iliyomvuta kichwa na kumwambia atulie. Na msuko ule hukaa wiki chache tu, ukianza kufumuka unafumuliwa. Kwa hiyo nywele zilikuwa zinasema binti ana mtu wake, tena alikuwa naye juzi juzi, ilhali hadithi inasema ameachwa na dunia miaka saba. Msuko wa nywele ulikuwa umeukana msuko wa hadithi, na sisi tulikuwa tunahangaikia ufa wa kisogoni!

Tangu hapo kila filamu naitazama kwa swali la mama. Chukua "Brave" (2012) ya studio ya Pixar, inayosimulia Uskochi ya kale. Mafundi waliunda programu mpya kwa ajili ya nywele nyekundu za Merida, wakapanga vishungi zaidi ya 1,500 vya kuongoza nywele zaidi ya 100,000. Watu husifu idadi hizo. Mimi nasifu kwamba hakuna mkono uliozigusa. Mama yake, malkia Elinor, ana nywele ndefu zilizosukwa na kufungwa sawasawa. Anapomvisha binti kilemba cha kubana, Merida anachomoa kishungi kimoja kikae wazi usoni. Mama anakirudisha, binti anakitoa tena. Ugomvi wote wa filamu uko katika kishungi kile. Sasa fikiria kama nywele zile zingekuwa donge moja lisilogawanyika. Angechomoa nini?

"Tangled" (2010) ya Disney ndiyo inayonipa raha na hasira pamoja. Rapunzel ana nywele za futi 70, na ukifuatilia ni nani anayezishika utakuwa umefuata hadithi nzima. Gothel anazichana ili arudishe ujana wake. Mjini wasichana wadogo wanazisuka na kuzipamba maua, na ndiyo mara ya kwanza tunaona mtu akizishika bila kutaka faida. Mwishoni Eugene anazikata kwa kipande cha kioo. Kukatwa kule kunaaminika, ncha zimepanda na kushuka, unauona mkono uliofanya haraka. Lakini msuko wa wale wasichana, jamani! Watoto wanatoa kazi nadhifu kama ya msusi wa miaka arobaini. Hakuna hata fungu moja lililolegea. Hapo fundi alitaka kupendeza, akausahau mkono wa mtoto.

Sisi hatukuwahi. Siku ya maonyesho ilifika, tukaonyesha binti yetu na mistari yake minane ya uongo. Watu wakapiga makofi, na hakuna aliyeuliza kasukwa na nani, hata mwalimu aliyetupa alama nzuri.

Sasa tunaifumua. Porini binti ana mabutu matatu ya mbele, pale mikono yake inapofika, moja limepinda. Nyuma nywele zimesongamana, hazijachanwa. Ndipo ikazaliwa sehemu ambayo ngano haikuwa nayo: kikongwe anamkaribisha, anamkalisha chini, anachukua chanuo. Sehemu hiyo inadai vichwa viwili vya nywele na vingine vya katikati, nusu vimesukwa, nusu bado. Tumefika mstari wa tatu. Vidole vya kikongwe bado vinapenya ndani ya nywele kama moshi, na mama ameahidi kuja Jumamosi amsuke mdogo wangu taratibu mbele ya kamera, tuone kidole gumba kinakaa wapi.