Ngoma Isiyomwona Mchezaji

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana huko Kibondo. Kwa kuwa nilijulikana kwa kupenda ngoma, niliteuliwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu wa mashindano ya kucheza katika mahafali ya darasa la saba. Siku hiyo nilimpa kijana mmoja alama tatu kwa kumi. Mficha uchi hazai, kwa hiyo naona bora nieleze habari ya alama hizo tatu, maana zimenisuta kwa miaka mingi.

Kijana huyo alikuwa ametoka Kasulu, akiishi kwa shangazi yake. Wenzake walikuja na ngoma, njuga na kwaya. Yeye alikuja peke yake na redio kaseti ya kuazima, na soksi nyeupe amezivaa mikononi kama glavu. Alibonyeza kitufe, ukatoka muziki usiokuwa na mwimbaji. Ndani yake mlikuwa na kelele ya kukwaruza, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga, nami nikadhani kaseti imeharibika. Kijana akaanza kucheza kiungo kimoja kimoja: kidole, kiwiko, bega, shingo, kana kwamba mwili wake umeunganishwa kwa misumari. Vijana wa siku hizo waliita kucheza roboti.

Betri zilikuwa adimu, na wengi wetu tulizianika juani ili zipate nguvu kidogo. Za kijana yule zilianza kuishiwa katikati ya mchezo. Muziki ukapungua mwendo, sauti ikazama. Watu wakaanza kucheka. Kijana hakusimama. Alipunguza mwendo pamoja na kaseti, akawa mzito kadiri nayo ilivyokuwa nzito, akainama taratibu, na sauti ilipokufa kabisa alikuwa amesimama kimya, mkono mmoja unaning'inia na kuyumba kidogo. Uwanja mzima ulinyanyuka kwa shangwe. Mimi nikaandika tatu.

Baadaye alinifuata. "Shikamoo mwalimu. Naomba kujua nimekosea wapi."

"Marahaba. Hukukosea kitu," nikamjibu. "Ila hiyo si ngoma."

Msomaji asidhani kwamba nilisema hivyo kwa chuki. Nilikulia Heru Juu, katika nchi ya Waha ambako ngoma ilikuwa alama ya utawala wa Mwami kabla haijawa burudani ya mtu yeyote. Tena nilikuwa mtoto wa siasa ya wakati wangu. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, na sisi tuliosoma miaka iliyofuata tulifundishwa kuutilia shaka muziki wa Marekani kabla hata hatujausikia. Hoja yangu ilikuwa moja: muziki ule umepigwa na mashine, hauna mkono wa mtu, na usio na mkono wa mtu hauna utu.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa Kariakoo, nikausikia ukitoka katika duka la kaseti. Nikaingia kuuliza. Niliambiwa ni "Rockit" wa Herbie Hancock, uliotoka mwaka 1983 katika albamu ya Future Shock. Nilistaajabu, kwa maana Hancock ni mpiga piano wa jazi aliyepiga na Miles Davis miaka ya sitini. Si mtu wa kukimbilia mashine kwa kukosa ujuzi. Na ile kelele ya sufuria ilikuwa mkono wa mtu. Dijei aitwaye Grand Mixer D.ST alikuwa akiisukuma na kuivuta santuri chini ya sindano, akiifanya iseme apendavyo yeye. Kilichonimaliza kabisa nilikijua baadaye zaidi: ndani ya muziki ule mna ngoma za bata, zilizopigwa na Daniel Ponce, mzaliwa wa Kuba. Bata ni ngoma za Wayoruba, zenye ngozi pande zote mbili, zilizofika Kuba pamoja na watumwa. Basi nilikuwa nimemnyima kijana alama kwa kukosa ngoma ya Kiafrika, na ngoma ya Kiafrika ilikuwa inalia mbele yangu.

Hata hivyo sitaki kukimbilia upande wa pili na kusema kwamba muziki ule hauna kasoro. Chukua "Planet Rock" wa Afrika Bambaataa na Soulsonic Force, wa mwaka 1982, ambao wengi huutaja kuwa mama wa muziki huu. Sauti yake ya juu imejengwa juu ya wimbo wa Kraftwerk, Wajerumani wa Düsseldorf, uliotoka mwaka 1977. Mapigo yake yanatoka katika mashine ya Roland TR-808, yenye mshindo wa chini unaoufikia tumbo kabla ya sikio. Mshindo huo ndio nusu ya muziki, na redio kaseti zetu ndogo hazikuweza kuutoa. Kwa hiyo sisi wa Kibondo na Kasulu tulikuwa tunahukumu nusu ya kazi. Lakini hata ukiusikiliza leo kwa spika kubwa, utagundua jambo: pigo la kwanza na pigo la mia moja ni lile lile. Mashine haimwoni mchezaji.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa na ngoma niliyoizoea. Mpigaji mzuri huiangalia miguu ya mchezaji. Akiona amechoka humpumzisha. Akiona amepandisha mori humwongezea moto. Ngoma ni mazungumzo. Mashine ya ngoma husema peke yake kama karani asomaye tangazo, uwepo usiwepo. Kwa sababu hii naiweka "Rockit" juu ya nyingine nyingi za wakati wake, maana D.ST na Ponce wanaijibu mashine. Panapokuwa na majibu, pana mazungumzo.

Sasa nakielewa alichokifanya kijana wa Kasulu. Vijana wa California waliobuni uchezaji ule wa kukaza na kulegeza misuli, miaka ya sabini, walijifunza kumfuata mpigaji asiyewaona. Yeye naye hakuwa ameona lolote la kuiga katika televisheni, kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Labda aliona mkanda wa video mahali fulani. Labda aliona mwenzake aliyeona. Lakini betri zilipokufa hakukuwa na mkanda wowote wa kumfundisha la kufanya. Alimsikiliza mpigaji wake anavyokata roho, akamjibu mpaka pumzi ya mwisho. Mashine haikumwona, ila yeye aliiona mashine. Katika uwanja ule wa ngoma nyingi, mazungumzo makubwa kuliko yote yalikuwa yake, na mimi niliyejiita mjuzi wa mazungumzo hayo sikuyasikia.

Nalisema hili pia kwa sababu ya yaliyofuata. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliweka maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby", kisha mwaka 1993 wakaja Kwanza Unit, na tangu hapo wahakiki wetu wa hip hop wamekuwa wakipima maneno: nani kasema nini juu ya maisha, nani kaikosoa serikali. Ni kazi njema. Lakini kabla ya maneno kulikuwa na miguu. Kijana asiyejua Kiingereza, katika wilaya iliyo mbali na gridi ya umeme na mbali na studio, aliweza kuingia katika muziki ule bila kumwomba mtu tafsiri. Historia inayoanza na mistari inamwacha nje, kama nilivyomwacha nje mimi.

Sijui aliko. Kama angenisimamisha leo na kuniuliza tena alikosea wapi, ningempa alama nane. Mbili ningezibakiza, kwa kuwa tangu mwanzo hadi mwisho alicheza akiitazama redio, na sisi tuliokuwa tunamwona hakututupia jicho hata mara moja.